Kiti cha Mwalimu

Katika mikutano ya hadhara ya vijijini kwetu, iwe chini Masasi penye vilima vya mawe au Newala kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mimi huanza kutazama viti kabla sijasikiliza hotuba. Viti ni vichache, na aghalabu vimetoka shuleni. Watoto wamevibeba kichwani tangu asubuhi. Wananchi wamekaa chini ya mikorosho. Mbele yao, chini ya turubai, wamekaa wageni kutoka wilayani, diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, na pembeni kabisa mwalimu mkuu. Kiti chake ni cha mwisho katika mstari, lakini ni kiti. Wazazi wa watoto anaowafundisha wako mchangani wanamtazama.

Kiti hicho ni heshima, nami siidharau heshima. Lakini kina swali ndani yake, na swali hilo limenifuata maisha yangu yote ya kazi: mwalimu huyu amekaa upande wa nani? Nilifundisha shule za msingi katika wilaya hizi mbili tangu 1975 hadi nilipostaafu mwaka 2013. Katika miaka hiyo nilikatwa mshahara kwa ajili ya NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, kisha CWT. Majina manne, mshahara mmoja. Ndugu msomaji, katika kurasa hizi nataka kusema neno moja tu juu ya siasa na umoja wa walimu. Watu hudhani kwamba wakubwa huwanyamazisha walimu kwa fimbo. Fimbo ilikuwapo, hapana shaka. Lakini kwa niliyoyaona, kilichofanya kazi kubwa zaidi ni kiti.

Jambo hili halikuanza na uhuru. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na shule zilizofuata zilikuwa za misheni. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa misheni. Kwetu sisi Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, kwa hiyo ndiye aliyenipeleka shule, na ndiye niliyemtazama nikitaka kujua mwalimu ni mtu wa namna gani. Asubuhi alifundisha herufi na hesabu, jioni alisalisha, Jumapili alipiga kengele. Mshahara ulitoka misheni, na misheni iliweza kuusimamisha. Mwalimu akioa mke wa pili, kazi imekwisha. Hakulalamika. Alisema mwalimu ni mtu wa kutumwa, na mtu wa kutumwa humjua aliyemtuma.

Serikali ya kikoloni nayo iliwajua walimu na iliwaogopa. Mwaka 1953 ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na chama cha TAA, na mwaka uliofuata, TANU ilipozaliwa, katazo likaigusa nayo. Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, katika shule ya Wakatoliki. Walimwambia achague: kufundisha au siasa. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu. Jina la Mwalimu alibaki nalo hadi mwisho wa maisha yake, lakini darasa aliliacha. Mjomba alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa namna yake. Alisema yule bwana alisimama kwenye kiti kimoja kabla ya kukaa katika kingine. Hakujaribu kukalia viwili.

Mwaka 1960 Masasi ilipata askofu aliyeijua habari ya shule na serikali kuliko watu wengi. Trevor Huddleston alikuwa amefanya kazi Johannesburg kwa zaidi ya miaka kumi. Kule, kwa sheria ya 1953, serikali ya Makaburu ilizichukua shule za Waafrika ili mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kuwa mtumishi tu. Huddleston alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa, na jumuiya yake ya watawa ikaona heri kuifunga shule yake ya St Peter's kuliko kuiendesha chini ya sheria ile. Katika shule hiyo Oliver Tambo alisoma, na baadaye akafundisha hesabu. Huddleston alikuwa askofu wa Masasi hadi 1968. Mwaka uliofuata, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, serikali yetu nayo ilizichukua shule za misheni.

Nimeyatafakari sana mambo haya mawili yakiwa pamoja. Kule serikali ilichukua shule ili kumshusha mtoto. Kwetu ilichukua ili mtoto wa Mwislamu, wa Mkristo na wa asiye na dini wakae dawati moja bila kuulizwa. Mimi niliunga mkono uamuzi wetu, na ningeuunga leo. Hata hivyo, kwa mwalimu, kuna kitu kimoja kilichofanana. Mjomba akikosana na misheni moja, aliweza kwenda nyingine, au kwenda serikalini. Sisi tuliokuja baadaye tulikuwa na mwajiri mmoja tu, kutoka Ruvuma mpaka Ziwa Viktoria. Mtu mwenye mwajiri mmoja anahitaji sana chama chake mwenyewe. Na hapo ndipo tulipokikosa.

Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam. Serikali ikawakamata viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, na Februari mwaka huohuo vyama vyote, pamoja na cha walimu, vikaunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Fikiri, msomaji: mfanyakazi anapeleka malalamiko yake kwa katibu wa chama chake, katibu anavaa koti la uwaziri, anajijibu. Mwaka huohuo watumishi wa serikali waliruhusiwa kujiunga na TANU. Kilichokatazwa na serikali ya kikoloni sasa kilikuwa wazi, na haikuchukua muda kikawa jambo linalotarajiwa. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, na baada ya kuzaliwa CCM mwaka 1977 wafanyakazi tukawa katika JUWATA, mojawapo ya jumuiya za Chama.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Kazi iliyofanyika katika miaka ile ilikuwa kubwa. Azimio la Musoma la 1974 lilisema watoto wote waingie shule ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Nilikuwa na darasa moja lenye watoto wa rika tatu, wengine wametoka jandoni, na jioni tuliwafundisha watu wazima kusoma chini ya mwembe. Wasichana ambao mama zao hawakujua kalamu waliandika majina yao. Mwalimu alikuwa mtu wa kila kitu: katibu wa mkutano, mwandishi wa barua za kijiji, mhesabu kura. Katika uchaguzi wa wabunge tuliwaeleza wazee kwamba mgombea mmoja ana jembe na mwingine ana nyumba. Tulitumwa, tukaenda, na mara nyingi tulikwenda kwa moyo.

Lakini mtu wa kila kitu huwa hana chake. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa korosho, nao waliguswa vilevile. Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukabaki kwa mamlaka za serikali. Kama walimu, wakulima walibaki na mnunuzi mmoja na bila chama chao. Korosho za nchi nzima, zilizofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, zilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, bei ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini imani hairudishwi kwa sheria. Mzazi na mwalimu walikuwa wamepoteza kitu kilekile katika miaka ileile, wala hawakukaa pamoja kuzungumza habari hiyo, kwa sababu mmoja alikuwa mchangani na mwingine alikuwa kwenye kiti.

Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na mwaka 1993 Chama cha Walimu Tanzania kikaandikishwa. Tulifurahi. Tulikuwa na chama chenye jina letu, kwa mara ya kwanza tangu 1964. Nakumbuka tulivyolisoma tangazo kwa sauti katika ofisi ya walimu, mmoja wetu akisema kwamba sasa walimu tutakuwa na mdomo wetu. Baada ya hapo tuliendelea kutumwa kama zamani.

Nitatoa mfano mmoja. Katika miaka ile ya 1990, ofisi moja ambayo sitaitaja ilitupa walimu daftari, tupite nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa sherehe. Ulikuwa msimu wa korosho, na waliotutuma walijua kwamba wakati huo mikono si mitupu. Nilifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake, mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akalitazama daftari. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa:

“Mwalimu, leo umekuja kama mwalimu au umekuja kama serikali?”

Sikuwa na la kujibu, maana swali lilikuwa la haki. Bibi alitoa alichokuwa nacho. Lakini mjukuu hakuonekana darasani kwa wiki mbili. Nilipomfuata, bibi aliniambia kwamba mchango ulibaki nusu, naye aliogopa mtoto asije akatajwa mbele ya wenzake kwa deni. Hakuna aliyesema atatajwa. Ila bibi alijua kwamba daftari la mchango na daftari la mahudhurio yako katika mkono mmoja. Wiki mbili za darasa la sita zilipotea kwa sababu hiyo, na chama changu hakikuwa na la kusema, maana viongozi wake wa karibu nasi walikuwa wanaketi chini ya turubai lilelile.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo. Siasa ikimtumia mwalimu, si mwalimu peke yake anayepata hasara. Kinachovunjika ni ule uzi mwembamba kati ya darasa na nyumba. Na uzi ukivunjika, walimu nao wakija kuhitaji msaada wa wazazi hawaupati.

Tuliona hivyo mwaka 2012. Miaka minne kabla, Oktoba 2008, mgomo wa kudai malimbikizo ulikuwa umezuiwa mahakamani. Safari hii madai yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Hilo la mwisho lilitugusa sisi wa uwanda wa juu, ambako maji ni taabu ya miaka yote, na mwalimu mgeni hufundishwa kwanza kuoga kwa kopo moja. Mgomo ulianza tarehe 30 Julai. Tarehe 2 Agosti mahakama iliamuru walimu warudi kazini, kwa kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa. Mgomo mzima ulidumu siku chache.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Walimu vijana walikuja shuleni, wakakaa chini ya mti, hawakuingia darasani. Wakati ule wazazi walikuwa wakipuliza salfa mikorosho, na walipita na mashine zao mgongoni. Hakuna aliyewatukana walimu, wala hakuna aliyesimama nao. Baba mmoja alimwambia mwenzake, nami nilimsikia, kwamba hawa si ndio serikali, basi wamegombana wenyewe kwa wenyewe, yatakwisha. Naam. Kwa miaka hamsini tulikwenda kwao kwa jina la serikali; siku tuliyokwenda kwa jina letu hawakututambua.

Sasa nirudi kwenye kiti. Rais wa CWT, mama Margaret Sitta, alipokuwa Waziri wa Elimu mwaka 2006, walimu wengi walipiga vigelegele, na si ajabu. Mwenzao amefika juu. Januari 2023 Rais aliwateua rais wa CWT na katibu mkuu wake kuwa wakuu wa wilaya. Hawakwenda kuapa. Mjini watu walizungumza mengi juu ya sababu zao, mimi sizijui za moyoni mwao. Ninachotazama ni uteuzi wenyewe. Tangu Kamaliza mwaka 1964 hadi uteuzi huo ni karibu miaka sitini. Marais wamebadilika, katiba imebadilika, chama kimoja kimekuwa vingi, lakini njia ya kutoka ofisi ya chama cha wafanyakazi kwenda ofisi ya serikali imebaki imefyekwa vizuri. Jirani zetu Kenya nao wana habari yao: Wilson Sossion alikuwa katibu mkuu wa KNUT, na mwaka 2017 akawa mbunge wa kuteuliwa na chama cha upinzani cha ODM. Ugomvi kati ya chama chake na tume inayowaajiri walimu ukawa mkubwa, wanachama wakapungua kwa maelfu, na mwaka 2021 akajiuzulu uongozi wa KNUT. Kwa hiyo si suala la chama tawala peke yake. Kiti cha upinzani nacho ni kiti.

Mtu ataniuliza: je, mwalimu hana haki ya kupanda? Kwani Nyerere hakuwa mwalimu? Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, aliyesoma hapa Ndanda, hakufundishwa na walimu kama wewe ili aje kutawala? Haki anayo. Nchi itakuwa maskini ikiwafungia walimu nje ya uongozi. Ninachosema ni kuhusu mpangilio. Nyerere aliacha kwanza. Anayetaka siasa na aage wenzake, akabidhi mhuri na hesabu, apumzike muda, kisha agombee au ateuliwe. Tatizo ni pale uongozi wa walimu unapokuwa ngazi, kwa sababu mpanda ngazi hutazama juu, na mwalimu wa kijiji cha mpakani yuko chini.

Pia kuna fedha. Asilimia 2 ya mshahara ya mwalimu wa Newala hukatwa kabla hajaiona, na kwa sheria ya kazi ya 2004 hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala. Chama kimejenga jengo kubwa Dar es Salaam na kimeshiriki kuanzisha benki, iliyofunguliwa mwaka 2016. Sina ugomvi na majengo. Lakini makato yanayokuja yenyewe kila mwezi, kwa mkono wa mwajiri, yana hatari mbili. Kiongozi hahitaji kumwendea mwanachama kumwomba, kwa hiyo husahau njia ya kwenda kwake. Na mwajiri anayekusanya fedha hiyo anajua kwamba siku moja anaweza kuacha kuikusanya. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono unaojazwa na mwingine nao hufungwa na huyo mwingine.

Walimu vijana hunitembelea, baadhi nimewafundisha mimi darasa la kwanza. Huniuliza wafanye nini. Siwaambii wagome wala wasigome. Huwaambia mambo madogo. Saa ya kipindi iwe ya kipindi. Mgeni akija na msafara, watoto wamalize hesabu kwanza, na ombi la kuwatoa darasani liandikwe kwenye karatasi yenye sahihi, maana wengi wanaotoa amri kwa mdomo hawapendi kuiandika. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 walimu wakuu wamekatazwa kuwatoza wazazi michango; katazo hilo walishike kama ngao, kwa sababu limewaondolea daftari lililonipeleka mimi kwa yule bibi. Mwakilishi wa chama shuleni wamchague wao, wamuulize hesabu kila mwaka mbele ya wote, hata kama ni walimu sita tu. Na kamati ya shule, wanamoketi wazazi, isiwe ya kupiga muhuri. Mzazi ajue mshahara wa mwalimu umechelewa, na mwalimu ajue korosho zimelipwa bei gani.

Mmoja wao aliniambia mwezi uliopita kwamba katika kikao cha kamati ya shule yao, upande wa kuelekea Ruvuma, walitoa viti vyote nje, wakakaa wote kwenye mkeka, mwalimu mkuu pamoja nao. Nilimuuliza kama walikuwa wanaonyesha kitu. Akacheka, akasema, “Hapana, babu. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa mkutano, havijarudi.” Kikao, alisema, kilichukua saa tatu, na wazazi walizungumza kuliko walivyopata kuzungumza.